Maziwa Yasiyogeuka Manjano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwanangu alipiga simu nikiwa nashusha makreti. Nikajificha nyuma ya lori, nikapokea. Habari kubwa. Ameitwa kupimwa kazi siku ya Ijumaa, na waliomwita ni hapa hapa, kiwanda cha maziwa ninachobebea mizigo tangu mgongo wangu ulipokuwa bado umenyooka.

Niandike vizuri. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba watu wa sayansi huandika kila wanachofanya, na mimi sitashindwa na watu wa sayansi katika jambo la kuandika. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Anasomea biokemia. Ni elimu ya namna chakula kinavyogeuka kuwa mtu. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na siku nilipomwambia hakunisahihisha, alicheka tu. Masomo yake ni ya miaka minne. Miwili darasani, wa tatu kazini, wa nne anarudi kumalizia. Huo wa tatu ndio shughuli. Kazi anajitafutia mwanafunzi mwenyewe, na asiyepata hadi mwisho wa mwezi huu anahamishiwa kwenye masomo ya miaka mitatu, yasiyo na mwaka wa kazi. Anasema wengi waliomaliza hivyo wako nyumbani, shahada zao ziko ukutani.

Ameomba kila mahali. Wamemkataa wote, kwa adabu. Tumebaki sisi, na nafasi ni moja.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake yuko ndani.   Akasema polepole, kama anayeongea na mtoto aliyeshika kisu, kwamba ananiomba sana nisimsaidie.

Ana heshima mno huyu mtoto. Hataki kunisumbua.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkuu wa maabara tunamwita Mizani. Mama wa makamo, hatoi neno bila kulipima kwanza. Mimi ndiye ninayempelekea chupa za sampuli kutoka chumba cha baridi kila asubuhi, kwa hiyo mlango ninao. Tena jina langu la kweli halijui. Kiwanda kizima kinaniita Makreti. Hawezi kujua kwamba msichana ni wangu. Silaha safi kabisa.

Mpango: kumsifu bila kujitaja.

Nikaweka chupa mezani. Nikakohoa kidogo. Nikasema nasikia kati ya wanaokuja Ijumaa kuna msichana ana akili za kutisha. Mizani akauliza nimesikia wapi. Nikasema mjini. Akauliza mji gani. Nikasema miji mingi. Akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena. Nikaongeza kwamba pia ni msafi na hana makuu. Nikatoka kabla sijazidisha.

Jioni simu. Kiwanda kimepiga chuoni kuuliza kwa nini kuna mwanafunzi anayepigiwa kampeni na wapakiaji mizigo. Mwalimu wake amemwita na kumhoji. Mwanangu akauliza kama mimi najua lolote. Nikamwambia mtandao wa huku ni mbaya leo, simsikii.

Baadaye akapiga mama yake kutoka nyumbani. Yeye nilimsikia, maana hakuna mtandao unaomshinda. Kwamba baba watoto, ukae mbali na mambo ya mtoto. Kwamba hata ng'ombe aliyezaa kwa shida mwaka ule, angezaa salama kama nisingemsaidia.

Hata hivyo, Mizani sasa anajua kuna msichana mwenye akili. Hilo halifutiki.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Adui amejulikana. Ni mlinzi wa getini.

Asubuhi alinisimamisha, akaliweka koti lake sawa, akanipa taarifa kwamba mpwa wake, mtoto wa dada yake, naye ameitwa Ijumaa. Akamwita daktari. Kijana hajamaliza hata mwaka wa pili, tayari ni daktari. Nikamwambia binti yangu naye anakuja. Akacheka mpaka kofia ikamteleza. Akauliza tangu lini makreti yakazaa maprofesa. Nikamwuliza tangu lini geti likazaa madaktari. Tukakubaliana jambo moja tu: asiyetaka la kwake lisemwe kwa Mizani, asiseme la mwenzake.

Lakini akili hailali. Mchana nikarudi kwake na uso wa huruma. Nikamnong'oneza kwamba atakayepata nafasi ile hatagusa maabara mwanzoni. Ataanza na mfereji wa maji machafu nyuma ya kiwanda. Buti mpaka magotini. Harufu ile haitoki kwenye nywele. Nikasema namwambia kwa sababu ya mapenzi tu. Mlinzi alinishika mkono kwa mikono miwili. Nusura nimwonee aibu.

Akampigia mpwa wake pale pale. Na yule kijana, badala ya kuogopa, akampigia Mizani kuuliza kama aje na buti zake mwenyewe. Eti maji machafu ya maziwa yamejaa biokemia, amekuwa akitamani kuyaona. Mizani akafurahi. Akapiga getini kuuliza ni nani aliyeukumbuka mfereji ule, maana umeziba siku nyingi. Mlinzi, kwa moyo mweupe, akanitaja.

Nimeshinda mferejini hadi jua kuzama. Harufu kweli haitoki.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mwanangu amefika. Amekonda. Ana begi moja la nguo na moja la vitabu, na la vitabu ndilo zito. Chumba changu ni kitanda, jiko, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nimemwachia. Mimi nikatafuta pa kulala, na aliyenikaribisha ni mlinzi, kwenye kibanda chake cha getini. Alisema njoo tu, mshindani wangu, nikuangalie vizuri usinifanyie hila. Mpwa wake naye alikuwapo. Kijana mrefu, mpole, akanitandikia godoro lake na yeye akalala kwenye gunia. Sikumpenda kabisa. Mtu mwema ni vigumu kumpinga.

Lakini kabla ya hapo nilikaa na mwanangu akijisomea. Nikamuuliza kuna nini hasa katika huo mwaka wa kazi, mbona anaulilia hivyo, si afadhali amalize upesi. Akafunga kitabu. Akasema darasani ameambiwa mambo mengi, lakini vyombo ni vichache na wanafunzi ni wengi, mara nyingi anayeshika ni mmoja na waliobaki wanatazama. Akasema akikosa mwaka huu atakuwa na shahada isiyo na mikono.

Nikatazama mikono yangu. Mimi ni mikono isiyo na shahada. 

Nikamuuliza kesho watapimwa nini. Akasema huenda wakapewa kipimo cha maziwa. Akanieleza taratibu. Maziwa mabichi yana kimeng'enya, ni kama kifundi kidogo kinachofanya kazi ndani yake bila kuonekana. Ukiyapitisha maziwa kwenye moto wa kutosha, kifundi kinakufa. Sasa unatia dawa fulani, unaweka kwenye maji ya uvuguvugu, unasubiri. Kifundi kikiwa hai, maziwa yanageuka manjano. Kikiwa kimekufa, yanabaki meupe.

Hapo nikamkatiza. Manjano naijua. Kiwandani ikitokea manjano maabara, king'ora kinalia, lori linarudishwa, makreti yote yanashushwa tena, na anayeshusha ni mimi. Msimamizi wa zamu hutukanwa mpaka na watu wasiomjua. Manjano ni msiba. Nikamwambia mwanangu, kesho usikubali manjano.

Akasema, baba, si mimi ninayekubali, ni maziwa.

Kesho nitazungumza na maziwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya ushindi. Naandika kwa mkono wa kushoto, nitaeleza.

Mizani alinituma asubuhi nikalete chupa nne kutoka chumba cha baridi, zenye alama A, B, C na D. Alizijaza mwenyewe jana. Watahiniwa ni watatu: binti yangu, daktari wa mlinzi, na msichana mmoja aliyeletwa na gari la baba yake mpaka mlangoni. Wote watatu wangepima chupa hizo hizo nne.

Nikazibeba. Njiani nikanusa, mazoea tu. A safi. B safi. D safi. C ikanipiga puani. Ng'ombe mtupu. Maziwa mabichi kabisa, ya tanki la kupokelea, hayajauona moto hata kwa mbali. Nikasimama. Nikaelewa mara moja. Mizani amechoka, kazi nyingi, amekosea tanki. Na kwa kosa lake mwanangu atatia dawa, atapata manjano, na atatoka pale amebeba msiba usio wake.

Mtu mwingine angekimbilia kumwambia mkuu kwamba amekosea. Mimi nina adabu. Nikapinda kulia, nikaenda chumba cha boila. Lile karai la maji ya moto ya kuoshea mikebe lipo pale daima, linatoa mvuke. Nikachovya C. Kisha nikafikiri: kwa nini niibahatishe moja, je, kama pua yangu imeniongopea kwa nyingine? Nikachovya zote. Nikazishikilia shingo mpaka maziwa yakaanza kupumua. Mkono wa kulia ukaungua vizuri tu. Nikazipoza chini ya bomba, nikazikausha kwa shati, nikazipeleka. Na iandikwe kwamba sikumbagua mtu. Hata daktari wa mlinzi nilimwokoa.

Mizani akauliza mbona nimechelewa. Nikasema makreti.

Jioni. Nilimkuta mwanangu amekaa kitandani, hajavua viatu. Nikamuuliza, imetoka manjano? Akasema hapana. Hata moja? Hata moja. Nikapiga makofi, nikaumia mkono.

Hakufurahi. Akasema ndiyo shida yenyewe. Waliambiwa mapema kwamba kati ya chupa nne, moja ni mbichi, imewekwa makusudi, na kazi yao ni kuipata. Amepima mara ya kwanza, nyeupe zote. Akarudia, nyeupe zote. Akajaribu dawa kwa maziwa mabichi ya tankini, yakawa manjano papo hapo, kwa hiyo dawa ilikuwa nzima. Daktari wa mlinzi aliandika B. Msichana wa gari aliandika D. Yeye peke yake aliandika hakuna. Akaongeza chini kwamba chupa zote nne zina utando shingoni na harufu ya maziwa yaliyochemshwa. Mizani alisoma karatasi zote tatu, akasema hakuna aliyepata, akatoka.

Makusudi. Imewekwa makusudi.

Nilikumbuka ghafla kwamba nina kiu. Nikatoka kwenda kunywa maji. Nilikunywa mengi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilirudi asubuhi na mkate, na mpango mpya. Kwenda kwa Mizani, kumwambia kwamba chumba cha baridi kiliharibika usiku kikawa cha moto. Nilikuwa bado naupanga pale mwanangu aliponitazama mkono.

Akauliza nimeungua na nini. Nikasema chai. Akauliza chai gani inayounguza vidole vyote vitano kwa mstari mmoja, kama mtu aliyeshika chupa. Nikasema chai nyingi.

Akasema, baba. Basi. Neno hilo tu. Nimewahi kuitwa majina mengi hapa kiwandani, hakuna lililonipiga hivyo. Nikamwambia yote. Boila, karai, ng'ombe, manjano. Nikamweleza kwamba nilimkinga.

Hakupiga kelele. Alivaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa mkuu wa maabara, kumwambia kwamba aliyebeba chupa ni baba yake na alizichemsha. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia akinyamaza, wote watatu wamekosa sawa, Mizani atawarudisha tena na yeye ana nafasi. Akisema, atafutwa hapo hapo: mtahiniwa ana baba ndani, na baba amechezea chupa. Nani atasadiki kwamba hakumtuma? Mwisho wa mwezi unakuja. Nikamwambia mimi nimezoea kufukuzwa mahali, yeye hajazoea.

Akasema anajua. Akasema wenzake wameandikiwa kosa kwa chupa alizoziharibu baba yake, hawezi kula nafasi ya namna hiyo. Akanisogeza pembeni, kwa upole, kama mtu anavyosogeza kreti tupu.

Nikamfuata kwa nyuma. Kwenye geti mlinzi akauliza mbona tunatembea kama watu wa mazishi. Safari hii yeye mwenyewe hakucheka.

Mizani alimsikiliza mwanangu. Akachukua chupa ya C iliyobaki, akaitia dawa mwenyewe, akasubiri. Nyeupe. Kisha akaniita ndani, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli: manjano ni msiba, na nilifikiri amekosea tanki, sikutaka kumwaibisha. Alikwenda dirishani, akatupa mgongo. Mabega yakawa yanatikisika. Nilisikitika sana kumliza mama wa watu.

Aliporudi uso ulikuwa mkavu. Akasema kipimo kitarudiwa Jumatatu. Chupa atabeba yeye. Makreti atakuwa nje ya geti. Mwanangu akauliza kama yeye naye arudi. Mizani akasema hajaamua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mwanangu hakula. Mama yake alipiga, wakaongea muda mrefu. Nilisikia upande mmoja tu, nao ulikuwa hapana mama, hapana mama, ndiyo ni yeye. Halafu akanipa simu. Mama yake hakunigombeza. Akasema tu, mtoto huyu kufika hapo alipofika amepita mengi, nisiwe mimi ndiye ninayemrudisha. Akakata.

Nilikwenda kukaa kibandani. Mlinzi akanisogezea kiti. Sikupanga chochote leo. Nilijaribu, haikuja.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mizani alimwita mwanangu arudi. Alipopita getini alinigusa bega.

Nikakaa nje na mlinzi. Yeye kazi yake ni kukaa hapo, mimi nilikaa kwa amri. Hatukutaniana. Kuna wakati aliniuliza kama nasali. Nikasema najaribu. Akasema basi mtaje na mpwa wangu, ila umtaje wa pili.

Wakatoka wote watatu pamoja na Mizani. Safari hii mbichi ilikuwa A. Wote walipata. Msichana wa gari alipata, daktari alipata, mwanangu alipata. 

Mizani akasema hapo hapo getini, mbele yetu, maana anajua sasa nani ni wa nani. Kwamba leo wamelingana, kwa hiyo leo haimsaidii. Anarudi kwenye karatasi za Ijumaa. Wawili waliandika walichotarajia kukiona. Mmoja aliandika alichokiona. Na huyo mmoja alikuja kumsema baba yake mzazi, akijua itamgharimu. Akasema mtu anayeweza kumsema baba yake ataweza kumsema hata yeye mkuu siku akikosea, na maabara yake inamhitaji mtu huyo.

Nafasi ni ya mwanangu.

Alilia. Daktari wa mlinzi akampa mkono, akampongeza kwa moyo wake wote, akamwambia idara ya maji machafu ya mji bado ina nafasi na yeye ndiko alikotaka tangu mwanzo. Kijana huyo ana ugonjwa wa maji machafu. Mlinzi akanitazama muda mrefu, akasema haya, makreti yamezaa profesa.

Sharti ni moja. Nimeondolewa maabara. Mwaka mzima nisivuke mlango ule. Nimepelekwa jukwaa la nje la kupakilia malori. Mwanangu alisaini kwamba amekubali. Alisaini haraka kidogo.

Nimekaa nimelipima jambo hili kwa utulivu. Bila mimi, Ijumaa wote watatu wangeona manjano, wote wangelingana, na nafasi angepewa wa gari. Nani aliyekifanya kipimo kiwe kigumu mpaka akabaki mmoja tu? Sitaki kushukuriwa. Naandika tu, kama wanavyoandika watu wa sayansi.

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Mwanangu ameanza kazi rasmi. Nilimwona kwa mbali akivuka uwanja na koti jeupe. Linampwaya mabegani. Nilisimama na kreti mikononi mpaka dereva wa lori akaniuliza kama nimepigwa na radi. Nikamwambia yule pale ni binti yangu, anasomea namna chakula kinavyogeuka kuwa mtu. Dereva akasema hongera mzee. Nimemwambia na dereva wa pili. Na wa tatu.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Kazi yake ya kwanza aliyopewa na Mizani ni kubwa. Maduka yanalalamika kwamba maziwa yetu yanaganda mapema. Anatakiwa kujua ni wapi yanapopata joto. Ameweka vipimajoto vidogo kwenye makreti kila mahali, na moja ya makreti hayo liko huku kwangu, jukwaani. Alikuja mwenyewe kuliweka. Akanieleza kwamba makreti yakisubiri lori juani, vijidudu vinaamka. Anataka namba za siku nzima. Akasema, baba, kreti hili usiliguse. Nikamwahidi. Tuliongea vizuri sana, kama wafanyakazi wawili.

Mchana nikachungulia. Namba imepanda. Nikachungulia tena, imepanda zaidi. Jua la huku halina huruma. Nikamfikiria mtoto wa watu, wiki yake ya kwanza, anasimama mbele ya Mizani na namba mbaya kiasi kile.

Nimelihamishia kreti chumba cha baridi, nyuma kabisa. Namba inashuka vizuri. Jioni kabla hajaja kusoma nitalirudisha mahali pake.